Kuhesabu Jiwe Lililo Hai: Kazi ya Mtaalamu wa Matumbawe

Kwa waashi wa pwani, tumbawe ni kitu cha kujengea. Nyumba za kale za Lamu, magofu ya Gedi na ya Kilwa Kisiwani, na kuta nene za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe yaliyotoka baharini, au yaliyokuwa bahari zamani, yakashikamanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma mawe ya jamii hiyo hiyo. Mafundi walijua kutofautisha jiwe gumu la mwamba wa kale, lililochimbwa nchi kavu, na tumbawe jepesi lililokatwa baharini likiwa bado bichi, ambalo huchongeka vizuri kabla halijakauka, na ndilo walilolitumia kwa nakshi za mihrabu na miimo ya milango. Maarifa hayo ni ya karne nyingi na yanastahili heshima, lakini yanalitazama tumbawe baada ya kufa. Mtaalamu wa matumbawe huanzia upande wa pili: kwamba jiwe hilo ni kiunzi cha mnyama, na kwamba huko majini mnyama mwenyewe bado yu hai juu yake. Kazi yake yote, tangu shahada ya kwanza hadi kustaafu, ni kuufuata ukweli huo mmoja kila unakoelekea, yaani mnyama huyo hula nini, huzaaje, hufa kwa nini, na watu wanaoishi kwa kumtegemea wataelezwaje habari zake kwa namna ambayo wataiamini.

Hata wasomi hawakulikubali jambo hilo kwa urahisi. Katika miaka ya 1720 daktari Mfaransa Jean-André Peyssonnel, aliyekuwa akichunguza marijani katika Bahari ya Mediterania na pwani ya Afrika Kaskazini, aliona kwamba vitu ambavyo wanazuoni wa wakati wake walivihesabu kuwa maua ya mmea vilikunjuka na kujikunja vyenyewe vikiwa majini, akahitimisha kwamba ni wanyama. Wakubwa wa sayansi wa Paris walilipuuza wazo hilo kwa miaka mingi kabla ya kulikubali. Mnyama huyo huitwa polipu. Ni kifuko kidogo cha nyama laini, kwa kawaida chenye upana wa milimita chache tu, kilicho na mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri inayochoma, na kwa mdomo huo huo hula na kutoa uchafu. Polipu hutwaa madini ya chokaa yaliyomo katika maji ya bahari na kujijengea kikombe cha jiwe chini yake, kisha hujigawa, na waliotokana na mgawanyiko huo hujigawa tena, hata koloni moja ikawa na maelfu ya polipu walioungana miili, kila mmoja katika kikombe chake na wote wakichangia jengo moja. Mwamba wa matumbawe ni jumla ya majengo ya namna hiyo, yaliyosimama juu ya mabaki ya waliotangulia.

Ndani ya nyama ya polipu mna kiumbe mwingine, naye ndiye ufunguo wa elimu yote hii. Katika kila sentimita moja ya mraba ya tumbawe lenye afya hukaa mamilioni ya mwani wa chembe moja, wadogo mno wasioweza kuonekana kwa macho matupu, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari kama majani ya mti yafanyavyo, kisha humpa mwenyeji wao sehemu kubwa ya sukari hiyo. Wenyeji wengi hupata kwa njia hiyo zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za nguvu wanazozihitaji, na rangi za kahawia na kijani zinazoonekana juu ya tumbawe kwa sehemu kubwa ni rangi za wapangaji hao. Ndiyo sababu matumbawe yajengayo miamba hustawi katika maji maangavu na ya kina kifupi, na ndiyo sababu tope linaloletwa na mito, hata lisipokuwa na sumu yoyote, laweza kuyaua kwa kuyanyima mwanga.

Ujenzi huo ni wa polepole. Tumbawe la umbo la mviringo, lile ambalo wavuvi huliita jiwe tu, hukua kwa kadiri ya sentimita moja kwa mwaka, ilhali yale yenye matawi kama pembe za paa huweza kurefuka kwa sentimita kumi au zaidi. Tumbawe la mviringo lenye kimo cha mtu mzima huenda lilianza kukua kabla ya babu yake mtu huyo kuzaliwa. Hapana mtafiti aishiye muda wa tumbawe moja, na kutokana na hilo elimu hii imepata tabia yake: thamani ya kipimo chochote hutegemea kama kuna mtu aliyepima mahali pale pale kabla, na kama kuna atakayepima tena baadaye.

Watafiti wa kwanza wa miamba hawakuwa wazamiaji. Mwingereza Cyril Crossland, aliyeichunguza miamba ya Unguja, Pemba na pwani ya bara mwanzoni mwa karne ya 20, aliutegemea mno wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na uso wa mwamba kuachwa wazi kwa saa chache, wakati ule ule ambao wanawake wa pwani hushuka kutafuta pweza na chaza. Mtu aliyetembea juu ya mwamba kwa namna hiyo aliona dari ya nyumba tu. Vyumba vyake vilifunguka baada ya Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan kuunda, mwaka 1943, kifaa cha kumwezesha mzamiaji kupumua hewa kutoka mtungi alioubeba mgongoni, na mnamo miaka ya 1950 Thomas Goreau, akifanya kazi Jamaika, akawa miongoni mwa wa kwanza kukitumia kwa utafiti wa dhati wa matumbawe. Kwa kutumia madini yenye mnururisho kama alama, Goreau alionyesha kwamba tumbawe hujenga chokaa kwa kasi kubwa zaidi likiwa katika mwanga kuliko likiwa gizani, na hivyo akaunganisha kwa vipimo kazi ya mwani na kazi ya mjenzi.

Kwa kijana wa Afrika Mashariki anayetaka kuingia katika fani hii leo, njia ipo, ingawa ni nyembamba. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, na taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, iliyoundwa mwaka uliofuata na yenye makao yake Mombasa, zimewalea wengi wa watafiti wa eneo hili. Na tangu mwaka 1993 chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, kijulikanacho kwa kifupi chake WIOMSA, kimekuwa kikitoa ruzuku za utafiti na kuwakutanisha watu ambao awali walifahamiana kwa majina yaliyoandikwa kwenye makala tu. Shahada ya kwanza humpa mwanafunzi biolojia, kemia na takwimu. Kuogelea, kuzamia na kusoma mkondo wa maji hujifunza penginepo, mara nyingi kwa gharama kubwa, na ni jambo la kusikitisha kwamba gharama za mafunzo ya kuzamia huwafungia mlango vijana waliozaliwa hatua chache kutoka baharini.

Shule ya kweli huanza mwanafunzi anapoambiwa ataje anachokiona. Magharibi mwa Bahari ya Hindi kuna aina zaidi ya 300 za matumbawe yajengayo miamba, na tumbawe la aina moja laweza kuwa bapa kama sinia mahali penye mwanga hafifu na kuwa nene na la vidole vifupi mahali panapopigwa na mawimbi, hata mtu akadhani ni aina mbili. Mwaustralia Charlie Veron, aliyetoa mwaka 2000 majuzuu matatu makubwa ya matumbawe ya dunia nzima, alitumia maisha yake yote kulipanga fumbo hilo. Mwanafunzi hulianza kwa unyonge zaidi: hujifunza kwanza kutambua jenasi, yaani kundi la aina zilizo karibu kwa ukoo, kwa kutazama ukubwa wa vikombe, kama kuta zake zimeshikana au zimeachana, na kama meno ya kikombe yanakwaruza kidole. Wavuvi humsaidia kwa upande mwingine. Kiswahili cha pwani kina hazina kubwa ya majina ya samaki na ya mahali, kwa kuwa mvuvi hutofautisha fungu na mwamba, kilindi na mlango, na anajua kila jiwe kubwa huvutia samaki gani kaskazi na gani kusi. Kwa matumbawe yenyewe, hata hivyo, majina ni machache, na mtafiti makini huona pengo hilo mapema kwa sababu siku moja atahitaji maneno ya kuwarudishia watu hao aliyoyagundua.

Kazi ya kila siku chini ya maji haina mvuto unaoonekana katika filamu. Njia itumikayo sana ni ya utepe: mtafiti hutandika utepe wa kupimia wa mita 10 juu ya mwamba, akiufuatisha na mabonde na vilima vyake, kisha huogelea polepole kutoka mwanzo hadi mwisho akiandika, kwa penseli juu ya ubao wa plastiki, kila kitu kilichoko chini ya utepe na urefu kinaochukua, kwa sentimita: tumbawe la matawi 34, mwani 12, mchanga 50, tumbawe la mviringo 21, na kuendelea. Jumla ya urefu wa matumbawe yaliyo hai ikigawanywa kwa urefu wa utepe hutoa kipimo kimoja muhimu, ambacho ni asilimia ya mwamba iliyofunikwa na uhai. Mkono hufa ganzi, miwani huingia ukungu, wimbi humsukuma mwandishi mbali na mstari wake, na samaki mdogo mwenye wivu wa makao humdonoa vidole. Wanaofunzwa hupitishwa kwenye utepe mmoja wawili wawili, kila mmoja na ubao wake, kisha majibu hulinganishwa wakiwa ndani ya mashua; yakitofautiana mno, hurudi majini. Zoezi hilo lachosha, ila data za miaka 30, zilizokusanywa na mikono mingi, haziwezi kuaminika kwa njia nyingine yoyote.

Jinsi uvumilivu wa namna hiyo unavyozaa maarifa huonekana vizuri katika utafiti uliofanywa Kenya tangu miaka ya 1980 na Nyawira Muthiga, Mkenya aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi na baadaye akaongoza WIOMSA, pamoja na Mmarekani Tim McClanahan, aliyeifanya Mombasa kuwa makao ya kazi yake. Kenya ilikuwa na bahati ya kutenga mapema hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, mwaka 1968, hivyo ilikuwa na miamba ambayo haikuvuliwa kwa muda mrefu, na karibu nayo miamba inayovuliwa kila siku. Walipoilinganisha, tofauti iliyowashtua ilihusu mnyama mdogo wa mviringo aliyevikwa miiba, asiyeliwa na watu wa pwani hiyo na ambaye kwa hiyo hakuna aliyemjali. Katika miamba inayovuliwa wanyama hao wa miiba walikuwa wengi kuliko ndani ya hifadhi kwa zaidi ya mara 100.

Ili kujua sababu, watafiti hao walitumia mbinu rahisi ambayo fundi yeyote wa ushonaji angeielewa. Walimtoboa mnyama wa miiba kwa sindano nyembamba, wakapitisha uzi wa mshipi, wakamfunga kwenye kamba iliyolazwa juu ya mwamba ili asiweze kwenda mbali, kisha wakarudi baada ya siku moja kuona nani amesalia na nani ameliwa. Na kwa kuwa kila mlaji huacha alama yake, gamba lililovunjwavunjwa lilitaja samaki, na gamba zima lililokombwa ndani lilitaja mlaji wa namna nyingine. Ndani ya hifadhi waliofungwa waliliwa haraka mara nne kuliko nje. Mlaji mkuu aligeuka kuwa kikande, samaki mwenye taya ngumu na mistari mwilini, ambaye hunaswa kwa urahisi katika dema na kwa mshipi, na ambaye hapati bei kubwa sokoni.

Mnyororo uliofichuliwa hapo ni mrefu, nao unastahili kufuatwa pete kwa pete. Vikande wakivuliwa wote, wanyama wa miiba huongezeka. Wakiongezeka, hukwangua mwani juu ya mwamba kwa meno yao, na pamoja na mwani huondoa chokaa, kiasi kwamba mwamba unaweza kulika kwa kasi inayoshinda ile ya kujengwa. Na kwa kuwa mwani huo ndio malisho ya tasi na pono, samaki hao hukosa chakula kwa mshindani asiye na faida jikoni. Mvuvi anayemleta kikande mmoja nyumbani, bila kosa lolote la makusudi, huwa ametoa mezani pake tasi ambao hatawaona. Eneo la hifadhi ya Mombasa, lililotangazwa mwaka 1986 lakini likaachwa kuvuliwa kwa vitendo mwanzoni mwa miaka ya 1990 tu, liliwapa watafiti nafasi ya kuuona mnyororo huo ukirudi nyuma: samaki waliongezeka kwanza, na wanyama wa miiba wakapungua baadaye sana. Mtu aliyepima kwa miaka mitatu na kuondoka angeandika kwamba hifadhi haisaidii.

Kisha ukaja mwaka 1998. Joto la bahari linapopanda kwa nyuzi moja tu ya selsiasi juu ya wastani wa mwezi wenye joto kali kuliko yote, na kukaa hapo kwa muda wa wiki nne hivi, uhusiano wa polipu na mwani wake huvunjika: mwani uliozidiwa na joto na mwanga huanza kutoa aina za oksijeni zenye kudhuru chembe za mwenyeji, naye huutoa nje ili kujinusuru. Nyama iliyobaki ni angavu, na kiunzi cheupe huonekana kupitia kwake. Hali hii ndiyo iitwayo kupauka kwa matumbawe. Tumbawe lililopauka halijafa. Lina njaa, na joto likishuka mapema laweza kupokea mwani mpya na kupona, lakini likicheleweshwa hufa, na baada ya siku chache kiunzi chake hufunikwa na utando wa kijani. Kati ya mwezi Machi na Mei 1998, wakati wa El Niño iliyoambatana na joto lisilo la kawaida la Bahari ya Hindi, miamba ya pwani yote ya Afrika Mashariki ilipauka, na ndani ya hifadhi za Kenya matumbawe magumu yaliyo hai yalishuka kutoka karibu asilimia 40 ya mwamba hadi karibu asilimia 10.

Ni muhimu kuyasoma vizuri matokeo hayo, kwa kuwa yalipinga matumaini ya wengi, yakiwemo ya watafiti wenyewe. Hifadhi, ambazo kwa miaka 30 zilikuwa zimewalinda samaki kwa mafanikio, hazikuyalinda matumbawe dhidi ya joto. Kwa hakika zilipoteza zaidi, kwa sababu ndani yake mlisalia kwa wingi matumbawe ya matawi, yakuayo haraka na yasiyostahimili joto, ambayo katika miamba inayovuliwa yalikuwa yamekwisha kuvunjwa na nyavu na nanga au kulika. Uaminifu wa kitaaluma ulidai jambo hilo liandikwe wazi, nalo liliandikwa. Mwaka uliofuata ulianzishwa kwa msaada wa Uswidi mpango wa CORDIO wa kufuatilia uharibifu wa matumbawe katika Bahari ya Hindi nzima, na David Obura, Mkenya aliyeuongoza kwa upande wa Afrika Mashariki, ni miongoni mwa waliogeuza hesabu za miamba michache kuwa picha ya eneo zima. Mwaka 2023 alichaguliwa mwenyekiti wa jukwaa la serikali za dunia kuhusu sayansi na sera za bioanuwai. Kutokana na ufuatiliaji wa miaka mingi ilijulikana pia kwamba hasara haikuwa sawa kila mahali, na kwamba miamba ya kuanzia Kisite na Shimoni hadi Tanga na Pemba, inayofikiwa na maji baridi ya kilindi, ina nafasi bora ya kustahimili kuliko mingine mingi.

Hapa ndipo nusu ya pili ya kazi inapojitokeza, ile ambayo vyuo vikuu huithamini kidogo kuliko inavyostahili. Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala zilizochapishwa katika majarida ya Kiingereza, na mvuvi wa Msambweni au wa Makoongwe hana njia ya kuyasoma. Watafiti wa Mombasa walijiwekea tangu miaka ya 1990 desturi ya kukutana na wavuvi na maofisa na kuwawekea mbele hesabu za samaki waliopimwa kwenye madiko yao wenyewe, diko kwa diko, na hilo lilibadilisha mazungumzo, kwa sababu mvuvi huweza kubishana na takwimu za mbali lakini za dikoni kwake anazijua. Palipoondolewa juya la kukokota, ambalo huzoa wakubwa na wachanga pamoja na kuvunja matumbawe, wavuvi waliweza kuona katika hesabu hizo hizo kama kapu linazidi uzito au halizidi. Katika visiwa vya Zanzibar, vijiji kadhaa vimechukua mkondo unaofanana kwa kuufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu hivi na kuufungua kwa siku iliyokubaliwa; pweza hukua haraka mno, hivyo faida huonekana ndani ya msimu mmoja, nalo ni somo la ikolojia linaloeleweka bila ubao wala chaki.

Kwa watoto wa shule, mfano uliokomaa kuliko yote katika eneo hili uko Chumbe, kisiwa kidogo kusini-magharibi ya Unguja chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwamba wa upande wake wa magharibi ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1994, chini ya usimamizi wa kampuni isiyolenga faida iliyoanzishwa kwa juhudi za Sibylle Riedmiller, na walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji jirani waliofunzwa hadi wakawa waelekezi. Mwaka 2000 mradi huo ulitunukiwa tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa. Fedha za watalii wachache hulipia ziara za wanafunzi na walimu wao, na juu ya mwamba huo mna karibu aina 200 za matumbawe. Mtoto huvishwa jaketi la kuokolea na miwani ya kuogelea, hushikwa mkono na mlinzi ambaye pengine anatoka kijiji kimoja naye, kisha huambiwa ainamishe uso majini. Wengi wao, wasichana hasa, hawakupata kufundishwa kuogelea, japo wamekulia ufukweni. Kitu ambacho tangu utotoni amekiita jiwe, akakikanyaga kwa viatu vya plastiki akimfuata bibi yake kwenye pweza, anakiona kina vidomo.

Kulieleza hilo kunataka ufundi wa lugha. Shule za msingi za Tanzania hufundisha kwa Kiswahili na za sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi hufikia dhana ya viumbe wawili wanaoishi kwa kufaana wakati ule ule anapohangaika na lugha inayoibeba, na mara nyingi huishia kukariri neno bila kitu. Mwalimu anayesema kwamba polipu ni mwenye nyumba na mwani ni mpangaji anayelipa kodi kwa chakula kilichopikwa amefika mbali kwa sentensi moja. Lazima lakini aujue mpaka wa mfano wake, kwani darasa lenye akili litauliza mara moja ni mwenye nyumba gani mpumbavu afukuzaye mpangaji anayemlisha, na hapo hana budi kuingia katika kemia: kwamba katika joto kali chakula kile kile huja na sumu. Swali hilo ni zawadi kwa mwalimu, na anayelikwepa kwa sababu halimo katika mtihani amewanyima wanafunzi wake sehemu bora ya somo.

Swali gumu zaidi huulizwa na wazazi wao. Baruti, iliyopasua miamba ya Tanzania kwa miongo kadhaa, ilikuwa uovu wa karibu, wenye mkono unaojulikana. Joto la bahari hutoka katika moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali, na mzee wa kijiji ana haki ya kuuliza kwa nini yeye afunge mwamba wake. Jibu la kweli lina sehemu mbili, na mtafiti hapaswi kuificha hata moja. Kuvua kwa kiasi hakutazuia kupauka. Lakini baada ya kupauka, viluwiluwi vya matumbawe huelea majini vikitafuta mahali pa kushika, na mwamba wenye pono na tasi wa kutosha wa kula mwani, na vikande wa kuwapunguza wanyama wa miiba, huvipa nafasi ambayo mwamba uliokombwa hauna. Wapo wanasayansi waliotaka kwenda mbali zaidi. Ruth Gates, Mwingereza aliyefanya kazi Hawaii hadi kifo chake mwaka 2018, pamoja na Madeleine van Oppen wa Australia, walipendekeza kuyachagua na kuyazalisha matumbawe yanayostahimili joto, na Gates alijitokeza katika filamu ya mwaka 2017 kuueleza umma jambo hilo kwa bidii ile ile aliyoitumia maabara. Kazi hiyo ni ya maana, ila ukubwa wa mwamba mmoja tu wa Afrika Mashariki ukilinganishwa na kile kinachoweza kupandwa kwa mkono huonyesha kwamba haiwezi kuchukua nafasi ya kupunguza joto lenyewe.

Mwezi Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia imo katika upaukaji mkuu wa nne kurekodiwa, na msimu huo huo matumbawe ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka tena. Wengi wa wanaoshuka sasa na ubao na penseli walizaliwa baada ya mwaka 1998. Hutafuta kwanza vituo vile vile, kwa alama zilizoachwa na waliowafundisha, hutandika utepe, kisha huinamisha uso karibu kabisa na kiunzi cha tumbawe kilichokufa wakitafuta vipande vya upana usiozidi sentimita tano, vyenye vikombe vichanga, ambavyo huandikwa katika safu ya peke yake.